Imeliwa na Mashine

Mimi hujua kabla yao.
Si kwamba naambiwa; nani amwambie mfuaji?
Ila fomu ya jezi za msimu ujao hupitia mkononi mwangu,
namba moja mpaka thelathini, majina kando yake,
na mwaka huu, Jumanne ya pili ya Mei,
namba tatu ilikuwa na kistari tu.

Namba tatu ni Gethin Prosser.
Miaka kumi na moja nimeyatoa matope ya Abergarw
kwenye jezi yake, kushoto, juu ya nyonga,
maana huteleza kwa ubavu uleule daima,
kama mlango wenye bawaba moja.
Najua damu yake hutoka kwa maji baridi na chumvi.
Najua msimu alioachwa na mkewe:
fulana za mazoezi zilianza kurudi zikinuka sigara.

Nikaikunja fomu, nikaiweka chini ya sabuni.
Jumatano akapita mlangoni:
"Nerys, njumu zangu zimekauka?"
Nikamwambia bado.
Zilikuwa zimekauka tangu asubuhi.

Alhamisi panga likapita.
Kumi na wanne, kwa mpangilio wa alfabeti,
kila mmoja dakika sita ofisini kwa meneja,
ambaye naye, maskini, mkataba wake unaisha Juni.
Wawili walipigiwa simu. Mmoja alikuwa kwa daktari wa meno,
akaitikia "sawa, sawa"
nusu ya mdomo imekufa ganzi.

Saa tisa tangazo likatoka:
klabu inawashukuru kwa mchango wao
na inawatakia kila la heri huko waendako.
Huko waendako!
Gethin anakwenda kwa shemeji yake, kuezeka mapaa.
Kipa mkubwa anasema atapumzika kwanza;
ana watoto watatu na nyumba ya mkopo.
Waliobaki wameweka simu mezani, uso juu,
wanazilinda kama maziwa jikoni.

Sisi wa mji huu shukrani hizo tunazifahamu.
Baba yangu alishukuriwa na kiwanda cha chuma,
yeye na wenzake elfu mbili, siku moja.
Barua yake aliitia kwenye fremu,
sijui kwa fahari au kwa hasira,
na haikushuka ukutani mpaka aliposhuka yeye kaburini.

Lakini aliyeniuma ni mtoto.
Tomos Rees, miaka kumi na minane,
aliletwa hapa ana tisa, kaptura ikimpita magoti.
Alikuja wa mwisho. Nje gari la mama yake linanguruma,
waipa zinafuta mvua,
naye amebeba traksuti imekunjwa vizuri mno,
pindo kwa pindo, kama bendera ya jeneza.
"Wamesema ni mali ya klabu."
Kweli ni mali ya klabu. Imeandikwa ukurasa wa nne.
Kifuani ina herufi zake, T.R.,
nilizozibandika mwenyewe kwa pasi.
Nani mwingine hapa ana T na R?
Labda Trefor Rowlands, mkata nyasi,
na tumbo la Trefor halimo humo.

Nikafungua daftari la vifaa, safu ya vilivyopotea,
nikaandika kwa wino, mwandiko wa kusomeka:
Traksuti, moja. Imeliwa na mashine.
Nikamrudishia. Hakuelewa.
"Nenda," nikamwambia, "mama yako anachoma mafuta."

Jioni nikabandua majina kwenye vigingi.
Gundi kongwe haibanduki.
Nimejaribu spiriti, kucha, kisu cha siagi;
juu ya kigingi cha tatu pamebaki mstatili
rangi ya chai ya maziwa.
Julai atakuja mwingine. Jina lake likiwa fupi,
Gethin atachungulia pande zote mbili.

Njumu zake ziko palepale, juu ya bomba la joto.
Hajazifuata.
Akiuliza, zingali mbichi.